Daftari la Vihamba Arobaini na Kimoja

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mzee Wenseslaus aligonga ringi ya gari iliyoning'inia kwenye mparachichi. Aligonga mara tatu, akapumzika, kisha akagonga tena mara tatu. Ringi hiyo ilitundikwa na marehemu baba yake. Katika mtaa wa Mfongoni, kule Shirimatunda, sauti yake ilikuwa na maana moja tu: leo ni msaragambo. Kila nyumba itoe mtu na jembe, tukazibue mfongo.

Mfongo ni mfereji wa zamani. Mababu waliuchimba ili kuleta maji ya mlimani mpaka kwenye migomba yao. Siku hizi migomba imebaki michache na nyumba zimekuwa nyingi. Lakini mfongo bado upo, na wakati wa masika ndio unaopokea maji yote yanayoteremka kutoka Kibosho. Ukiwa wazi, maji yanapita. Ukiziba, maji yanaingia ndani kwa watu.

Mzee Wenseslaus alisimama akisubiri. Mgongo ulikuwa unamuuma tangu Jumamosi iliyopita. Alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa. Zamani alikuwa fundi uashi, na sasa kwa miaka kumi na minne alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Wakazi wa Mfongoni. Ilipita nusu saa. Walifika wazee wanne tu. Akavaa miwani, akafungua daftari kuukuu lenye jalada gumu, akaanza kuita majina kama alivyofanya baba yake.

"Kihamba cha Theodory?"

Kimya. Kihamba ni shamba la ukoo, na Theodory alishauza cha kwake vipande saba, akahamia Arusha.

"Kihamba cha Sirili?"

Kimya.

"Mangi, huyo ni marehemu," alisema Mzee Eliezeri, rafiki yake wa tangu utotoni, aliyependa kumwita chifu kwa utani. "Unamwita kila mwaka. Siku atakayoitika, mimi natupa jembe hapa hapa nakimbia."

Wazee wakacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kimechoka.

Mzee Wenseslaus aliita mpaka mwisho. Daftari lilikuwa na vihamba arobaini na kimoja. Walioitika walikuwa watano, pamoja na yeye mwenyewe.

Wakati wanashika majembe, kijana mmoja alipita akiwa amevaa suti ya kijivu, Biblia mkononi. Nyuma yake walikuja mkewe na watoto wawili waliopakwa mafuta wakang'aa.

"Shikamooni, wazee," alisema kijana.

"Marahaba," waliitikia bila kumtazama.

Alipokwisha kupita, Mzee Eliezeri alitema mate pembeni. "Umeona hiyo tai? Amependeza kweli kweli. Lakini mfongo hauzibuliwi kwa tai. Wapangaji hawa! Maji yakija watalia, jembe hawalijui."

Mzee Wenseslaus aliinama akachukua jembe lake. Alikuwa anafikiri vivyo hivyo.

Walichimba mpaka saa nne. Wakasafisha hatua ishirini, labda ishirini na tano. Mfongo wote katika mtaa ule ulikuwa na hatua mia nne na zaidi.

"Tukienda mwendo huu," alisema Mzee Eliezeri akijishika kiuno, "tutafika kule chini Krismasi."

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa Februari. Masika yalikuwa yanakuja.

*

Nyumbani, mkewe, Mama Theopista, alimkanda mgongo kwa kitambaa na maji ya moto. Mezani kulikuwa na bakuli la mtori wa ndizi lililoanza kupoa.

"Nimechoka, Mama Theopista," alisema. "Nitalirudisha daftari."

"Utamrudishia nani? Aliyekupa yuko kaburini."

"Basi nitalitia jikoni liwake."

"Litie. Halafu maji yakija, utayasomea nini?"

Mzee alivuta bakuli lake. Mwaka jana maji yalifika mpaka kwenye banda la ng'ombe. Yalikaa siku tatu, na ndama akafa. Alisikia kwamba kule chini, kwenye vyumba vya kupanga vya marehemu Sirili, hali ilikuwa mbaya zaidi. Alisikia tu. Hakwenda kuona.

Jioni, Dominika alikuja kununua maziwa kama kawaida yake, akiwa na kidumu cha lita moja. Alikuwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Alikaa nyumba ya nne kutoka hapo, na alikuwa mtu wa kuuliza maswali.

"Shikamoo baba. Mbona leo umekaa upande upande kama kiti kibovu?"

"Marahaba, mwanangu. Ni msaragambo. Tumetoka watu watano. Mtaa mzima! Watu siku hizi hawana upendo. Wapangaji ndio kabisa. Wewe unawafundisha nini huko ofisini?"

Dominika alicheka, akavuta kigoda akaketi. "Hebu nione hilo daftari."

Akalipekua taratibu, ukurasa kwa ukurasa. Karatasi zilikuwa za njano. Mwandiko wa mwanzo ulikuwa wa baba yake Mzee Wenseslaus.

"Mimi niko wapi humu?" aliuliza.

"Wewe unakaa kwa Flavia. Tafuta kihamba cha baba yake. Huyu hapa."

"Huyu baba yake Flavia ameshafariki. Na Flavia mwenyewe jina lake halimo. Mimi je?"

"Wewe ni mpangaji."

"Nimekaa hapa miaka miwili na nusu, baba. Nakunywa maziwa ya ng'ombe wako kila siku. Uliniita msaragambo lini?"

"Si nagonga ringi!"

"Ile? Mimi nilidhani ni kengele ya shule."

Mama Theopista aliangua kicheko, kitambaa kikamdondoka mkononi. Mzee Wenseslaus hakucheka. Aliangalia daftari kana kwamba limemfanyia hila.

"Lakini mkazi ni mwenye kihamba," alisema polepole. "Ndivyo tulivyokuta."

"Zamani ilikuwa sawa, kwa sababu kila aliyelala hapa alikuwa na kihamba au alizaliwa kwenye kihamba. Sasa sivyo. Baba, serikali ya mtaa ina kazi zake, na mwenyekiti wa mtaa anachaguliwa na wakazi wote. Umoja huu ni mali yenu wenyewe. Mmeuunda ili mshughulikie jambo linalowagusa nyote. Hilo ni zuri sana. Lakini umeuita Umoja wa Wakazi. Hapo lazima ujue wakazi ni akina nani. Mkazi ni yule anayelala hapa na kuamka hapa. Mwaka jana maji yalipoingia, yaliuliza kwanza nani ana kihamba?"

Mzee alilichukua daftari, akalifunga. Akasema, "Mimi nimekuwa nikiwalaumu kwa kutokuja."

"Umewalaumu watu ambao hukuwaita," alisema Dominika kwa upole. "Si kwa ubaya. Kesho baada ya kanisa, tupite nyumba kwa nyumba. Nitaleta daftari jipya."

"Mgongo wangu huu?"

"Tutatembea polepole."

*

Jumapili mchana walianzia kule chini, kwa marehemu Sirili. Palikuwa na vyumba tisa vilivyopangana kwa mstari, vinatazamana na ukuta. Nyuma yake ulipita mfongo. Mzee Wenseslaus hakuwa amekanyaga pale kwa miaka mingi.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa na yule kijana wa suti. Leo alikuwa na fulana yenye matundu ya cheche. Jina lake lilikuwa Shedrack, fundi wa kuchomelea, mtu wa Same.

"Karibuni, wazee. Kuna msiba?"

"Hapana," alisema Dominika. "Kwani wazee hawaji bila msiba?"

"Hapa? Hawaji."

Mzee Wenseslaus alikohoa. "Kijana, mbona jana ulitupita tukichimba?"

Shedrack alishangaa. "Mzee, jana ilikuwa Sabato. Mimi ni Msabato. Jumamosi sishiki kazi. Kama ingekuwa leo, ningekuja na jembe langu. Na kusema kweli, sikujua mnachimba nini. Nilidhani mnachimba bomba la mmoja wenu."

"Ni mfongo ule! Unapita hapo nyuma yako."

"Hapo nyuma?" Shedrack aligeuka, kisha akashika kichwa. "Lile shimo? Mzee, unisamehe. Sisi wote hapa tunatupa taka mle. Tulipohamia tulikuta watu wanatupa, nasi tukatupa. Hakuna aliyetuambia ni mfongo."

Walikwenda chumba cha tano. Huko alikaa Mwanaidi, mama wa watoto watatu, aliyekuwa akiuza vitumbua stendi. Alikuwa ameketi kizingitini akichagua mchele, macho mekundu kwa usingizi. Kila siku aliamka saa kumi alfajiri, na alirudi adhuhuri.

"Karibuni ndani," alisema. "Samahanini, kitanda kiko juu."

Mzee Wenseslaus aliingia, akasimama. Kila mguu wa kitanda ulikuwa umesimamishwa juu ya matofali manne. Ukutani kulikuwa na mstari wa kahawia ulionyooka kama umepigwa kwa rula. Ulimfikia magotini.

"Ni maji ya mwaka jana," alisema Mwanaidi. "Ule wa chini yake ni wa mwaka juzi. Kila mwezi wa pili napandisha kitanda. Mwezi wa sita nakishusha. Nimezoea sasa."

Alisema hivyo bila hasira. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata hasira ilikuwa kazi ya ziada.

"Umekaa hapa miaka mingapi, mama?" aliuliza Dominika.

"Kumi na mmoja. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa hapa. Sasa yuko darasa la tano."

"Na maji yanaanzia wapi?"

"Hapo nyuma, penye bomba lililopita chini ya njia. Limejaa udongo, mifuko na nepi. Maji yakifika pale yanagonga, yanarudi nyuma, yanaingia kwetu. Yakituzidi, yanapanda mpaka kule kwenu juu."

Mzee Wenseslaus aliutazama tena ule mstari wa ukutani. Bomba hilo aliliweka yeye mwenyewe, zamani za ujana, marehemu Sirili alipotaka njia ya kupitisha mkokoteni. Lilikuwa bomba jembamba. Alilisahau kabisa. Kila mwaka walichimba kule juu, wakirefusha njia ya maji kwenda kugonga mahali palipoziba. Jasho lote lile!

"Mbona hamkusema?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya kuomba zaidi kuliko ya kukemea.

Mwanaidi aliweka ungo chini. "Nilikuja, mzee. Mwaka juzi. Nilisikia kuna kikao kwa Mzee Eliezeri, nikafunga kazi mapema nikaja. Mlinipokea vizuri, mkanipa kiti. Mlizungumza Kichagga tangu mwanzo mpaka mwisho. Mimi si Mchagga, ni wa Ugweno, sikuambulia kitu. Halafu nikaletewa kata ya mbege, pombe yenu ya ndizi, na mimi ni Mwislamu. Nikakaa nayo mkononi mpaka mkono ukafa ganzi. Nikashukuru, nikaondoka."

Mzee Wenseslaus alikumbuka. Alikumbuka hata kitenge chake. Siku ile alimwambia Eliezeri, umeona, huyu mama hana haja na mambo ya mtaa, ameondoka kabla ya kumaliza.

Waliandika majina ya vyumba tisa. Watu thelathini na mmoja. Katika daftari la zamani wote hao walikuwa jina moja, la mtu aliyekufa.

*

Kesho yake mchana, alikata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba chake. Akashuka nalo peke yake, polepole, akijishika kiuno. Alimkuta Mwanaidi ametoka stendi, anaosha sufuria.

"Chukua, mama."

Mwanaidi alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza geuza. "Ni dawa ya mgongo, mzee? Nikupondee?"

"Hapana, hapana." Mzee alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hizo. "Kwetu, mtu akimkosea mwenzake, anamwendea na isale. Ukishalipokea, ndiyo umenisamehe."

"Kumbe ningelikataa, ingekuwaje?"

"Halikataliwi."

"Mmh! Wachagga nyie mna akili," alisema Mwanaidi. Kisha akalitazama lile jani. "Nimelipokea, mzee. Lakini bomba je?"

"Ndiyo sababu nimekuja. Nataka useme kikaoni yale uliyoniambia jana. Safari hii tutazungumza Kiswahili, utaelewa yote."

Ilichukua jioni nne kupita mtaa mzima. Dominika aliandika, Mzee Wenseslaus aligonga milango. Siku ya nne mgongo ulimshinda, Mama Theopista akaenda badala yake. Walipomaliza, daftari jipya lilikuwa na nyumba na vyumba mia moja sitini na tatu.

"Na tangazo tunalipitisha wapi?" aliuliza Mzee.

"Wewe huwa unalipitisha wapi?"

"Padre anasoma baada ya misa."

"Basi asiyesali kwa padre hasikii. Tumwombe na mchungaji wa Kilutheri asome. Shedrack apeleke kwa Wasabato. Mwanaidi amwone imamu. Dukani tubandike karatasi. Na wenye simu tuwatumie ujumbe. Baba, watu hawafanani, hata masikio yao hayako mahali pamoja."

Kikao kilifanyika Jumapili saa tisa alasiri, kwenye banda la shule ya chekechea. Hawakuja wote. Walifika watu themanini hivi, wengine wakasimama nje dirishani kwa sababu viti vilikuwa vya watoto wadogo. Mzee Eliezeri alikaa kwenye kimojawapo, magoti yakamfika kidevuni.

Mzee Wenseslaus alifungua kikao kwa Kiswahili. Alieleza habari ya daftari. Hakujificha. Alisema, "Nimekuwa nikiita wafu na kuwalaumu walio hai."

Mzee Eliezeri alisimama. "Mimi nasema wazi. Mpangaji ni mtu wa kupita. Leo yuko, kesho amebeba godoro amekwenda Himo. Utampaje sauti kwenye mfongo wa babu yangu?"

Watu wakaguna. Mwanaidi akainuka, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, baba yangu."

"Marahaba."

"Godoro langu nimelibeba kweli, miaka kumi na mmoja. Nalibeba kutoka chini naliweka juu ya matofali, maji yasilichukue. Sijalipeleka Himo. Mfongo ni wa babu yako, sikatai. Maji ni yangu. Yanakuja kulala kwangu kila mwaka."

Mtu mmoja dirishani akapiga makofi, na wengine wakafuata.

"Haya," alisema Mzee Eliezeri, lakini hakukaa. "Na Bibi Magdalena je? Yule pale. Kiswahili kinamshinda. Leo mmemfukuza yeye ili mumkaribishe mwingine?"

Lilikuwa swali la haki. Bibi Magdalena, mwenye miaka zaidi ya themanini, alikuwa anatabasamu tu bila kuelewa kitu. Mzee Wenseslaus alimtazama Dominika.

"Amesema kweli," alisema Dominika. "Hakuna wa kuachwa. Nani atakaa naye amtafsirie?"

"Mimi," alisema Mama Theopista, akahamisha kiti chake. Akamnong'oneza bibi kwa Kichagga maneno ya Mwanaidi tangu mwanzo. Bibi alisikiliza, kisha akasema jambo kwa sauti, na wazee wote wakacheka.

"Anasema nini?" waliuliza wengine.

"Anasema kwake pia maji yaliingia, akadhani ni yeye peke yake. Na anasema Eliezeri tangu mdogo ni mbishi."

Mzee Eliezeri alikaa. Baadaye kidogo, kabla hawajafika mbali, alichukua fimbo yake akaondoka. Mzee Wenseslaus alimwona akipita dirishani. Roho ilimuuma, lakini hakumwita.

Walichagua kamati mpya. Walikubaliana kwamba isiwe ya watu wa aina moja. Waliingia wenye vihamba, na wapangaji waliwakilishwa na Shedrack, Mwanaidi na mama mmoja mfanyakazi wa hoteli. Walihakikisha wanawake hawapungui nusu. Mwanaidi akawa katibu. Kila mjumbe alipewa nyumba zake za kuziendea kabla ya kikao, asikie shida zao, na baada ya kikao, awaeleze kilichoamuliwa.

"Asiyerudi kuwaambia watu wake," alisema Dominika, "huyo anajiwakilisha mwenyewe."

Mzee Wenseslaus aliomba kujiuzulu uenyekiti. Watu walikataa. Wakamwongezea makamu, Shedrack, na wakamwambia jembe asishike tena. Yeye ni fundi, asimamie bomba.

Siku za msaragambo zikawa mbili. Jumapili alasiri, ili Wasabato na wenye ibada ya asubuhi wote waweze. Na Jumatano asubuhi, kwa walinzi na watu wa hoteli ambao Jumapili wako kazini.

*

Jumapili iliyofuata walitoka watu hamsini na wawili. Wengine walikuja na koleo, wengine na ndoo, na mmoja alikuja na sepetu ya kuchezea ya mtoto wake, wakamtania mpaka jioni. Hawakuanzia juu. Walianzia kwenye bomba.

Walitoa taka kwa saa mbili. Harufu ilikuwa mbaya. Kisha walilivunja lile bomba jembamba. Mzee Wenseslaus alisimama juu ya njia, akaelekeza kwa fimbo jinsi ya kupanga mawe ili kalavati, tundu la maji chini ya njia, liwe pana. Shedrack alileta vipande vya chuma vya karakana, akachomelea wavu wa kuzuia taka.

Jua lilipoanza kulala, Mzee Eliezeri alitokea na jembe begani.

"Nimekuja kuona kama mnajua kushika jembe," alisema.

"Umeonaje, baba?" aliuliza Mwanaidi, tope mpaka kwenye viwiko.

Mzee Eliezeri alitazama mfongo uliokuwa wazi. "Unalishika kama mwiko," alisema. "Lete nikuonyeshe." Akashuka.

Mvua ilianza katikati ya Machi, siku ya Alhamisi, saa saba mchana. Mlima ulikuwa umetoweka kwenye wingu tangu asubuhi. Ilinyesha mpaka mabati yakanyamazisha mazungumzo. Mzee Wenseslaus alichukua mwavuli, Mama Theopista akapiga kelele za bure nyuma yake, na akashuka mpaka kwa marehemu Sirili.

Mwanaidi alikuwa amesimama mlangoni, mtoto kiunoni, macho kwenye mfongo. Hakumsalimu. Wote wawili walitazama. Maji yalikuja ya kahawia, yamebeba majani ya migomba na vijiti. Yakafika kwenye kalavati. Yakajaa, yakazunguka, yakapanda kiganja kimoja.

Kisha yakapita.

"Yamepita," alisema Mwanaidi.

"Ngoja kwanza," alisema Mzee. Alikuwa ameshaona mengi.

Walingoja. Mvua ilipungua, ikazidi, ikapungua tena. Maji yaliendelea kupita. Mwanaidi alikaa chini kizingitini. Hakucheka wala hakulia. Aliegemeza kichwa kwenye fremu ya mlango, na baada ya muda Mzee Wenseslaus aliona kwamba amelala usingizi.

Masika yale hayakuwa mepesi. Mara mbili wavu uliziba, na mara zote mbili watu wa vyumba tisa waliuzibua kabla maji hayajapanda. Kitanda cha Mwanaidi kilibaki juu ya matofali mpaka Mei ikaisha. Hakutaka kuamini haraka. Mwanzoni mwa Juni alimletea Mzee Wenseslaus matofali yote kwenye toroli la Shedrack. Yalikuwa kumi na sita.

"Sina kazi nayo tena, mzee. Wewe ni fundi."

Mzee aliyatazama. Yalikuwa na alama za maji, mistari juu ya mistari. Akayapeleka kwenye mparachichi. Kwa siku mbili, kidogo kidogo kwa ajili ya mgongo, alijenga kiti kifupi chini ya ile ringi. Kiti cha mtu mmoja tu.

Jumapili ya msaragambo uliofuata, ringi iligongwa na Shedrack. Watu walijaa njiani. Hawakuwa wote, lakini walikuwa wengi. Mwanaidi alifungua daftari jipya, akaanza kuita, nyumba kwa nyumba, chumba kwa chumba.

"Chumba cha kwanza, Shedrack?"

"Nipo!"

"Kwa Flavia, chumba cha uani, Dominika?"

"Nipo, na leo nimesikia kengele ya shule!"

Watu wakacheka. Majina yaliendelea, na karibu kila jina lilikuwa na sauti ya kulijibu. Mzee Wenseslaus alikuwa amekaa kwenye kiti cha matofali, mgongo ameuegemeza kwenye shina, macho ameyafumba. Kwa miaka kumi na minne yeye ndiye aliyekuwa akiita. Hakuna aliyewahi kumwita.

"Nyumba ya Mzee Wenseslaus na Mama Theopista?"

Alichelewa kidogo kujibu. Watu wakageuka kumtazama.

"Nipo," alisema.

Mwanaidi akaweka alama kwenye daftari, akafungua ukurasa mwingine.